Darubini Ndani ya Jiko-Kapu

Pale Mraru, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, jua halina mchezo. Saa nane mchana mabati yanalia juu ya nyumba. Kuku wanahema chini ya mkokoteni. Ukikanyaga mchanga bila viatu, utacheza densi ambayo hukufundishwa na mtu.

Awiti hakuwa na ugomvi na joto. Joto ndilo lililomlisha. Kazi yake ilikuwa kushona majiko-kapu. Jiko-kapu ni kikapu kikubwa kilichoshonewa mto mnene ndani, chini na kando, na kifuniko chake ni mto vilevile. Unachemsha maharagwe kidogo motoni, unaingiza sufuria ndani ya kikapu, unafunika. Joto linakosa njia ya kutoka. Chakula kinaendelea kuiva chenyewe, nawe unaenda zako shambani.

"Weka githeri yako ya mahindi na maharagwe asubuhi, utaikuta ya moto jioni," Awiti aliwaambia wateja wake. "Kama si ya moto, nirudishie kikapu changu."

Hakuna aliyewahi kumrudishia.

Mumewe aliitwa Ogutu. Miaka yote alifanya kazi ya reli stesheni ya Voi, akipanga mabehewa, na sasa alikuwa amestaafu. Alikuwa mtu mwema sana, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Kuna nyoka aliyemwona kwenye reli zamani. Nyoka huyo alirefuka kila Krismasi. Kufikia mwaka huu, alikuwa mrefu kuliko mabehewa mawili.

Basi siku moja kijana wao mkubwa, Omolo, anayefanya kazi bandarini Mombasa, alikuja nyumbani na zawadi ya babake. Ilikuwa darubini ya kutazamia nyota. Ogutu alitarajia bomba refu, kama lile la picha za vitabuni. Akafungua sanduku, akatoa kitu kifupi, kinene, cheusi, mfano wa thamosi ya chai. Mbele kilikuwa na kioo, upana wake kama kisahani. Nyuma kilikuwa na mahali padogo pa kuweka jicho.

"Hii ndiyo darubini?" Ogutu aliuliza. "Ama huyu ni mtoto wake?"

"Ni darubini kamili, Baba," alisema Omolo. "Hii ina kioo na lenzi pamoja, ndiyo maana ni fupi. Ngoja jioni."

Omolo aliisimamisha uani, kwenye miguu yake mitatu, kivulini, tangu saa kumi. Giza lilipoingia aliielekeza kwenye Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, ambayo watoto wa shule huiita Jupita. Ogutu akachungulia. Akaona duara safi lenye mistari miwili, na kando yake vinukta vinne vimejipanga. Vinukta hivyo ni miezi ya Mshtarii. Ogutu alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Awiti hakuiona. Alikuwa jikoni akigeuza samaki, na samaki hangojei mtu. Alipotoka, wingu lilikuwa limeshafunika.

Kesho yake Omolo alirudi Mombasa. Awiti akaitazama ile darubini, akatazama vumbi la barabarani, akatazama watoto wa jirani wanaopiga mpira wa makaratasi. Akaguna. Kitu cha vioo vitupu, nacho kimewekwa juu ya meza! Akaibeba mpaka chumbani, akaiingiza ndani ya jiko-kapu lake kubwa kuliko yote. Iliingia sawasawa, kama sufuria. Akaifunika vizuri.

"Hapo hata mjusi hakufikii," aliiambia.

Sasa, Awiti na Ogutu walikuwa na binti, Emily, anayeuza dawa katika duka moja la dawa mjini Voi. Emily alipendana na Ben, mwalimu kutoka Mwatate, kijana wa watu wa milimani. Awiti alimpenda Ben. Alimpenda hata kabla hajamjua, kwa sababu tangu Emily ampate, binti huyo alikuwa akiosha vyombo huku akiimba. Wazee wa upande wa Ben walikuwa waje Jumamosi ya wiki iliyofuata kuposa. Lakini kwanza wazazi wa Ben walikuja wenyewe Jumapili, ili watu wajuane.

Mama yake Ben, Elsie, alikuwa mcheshi. Baba yake, Fanuel, hakuwa hivyo. Fanuel alikuwa mkaguzi wa mizani kabla ya kustaafu. Alizunguka masokoni akipima mawe ya mizani na vibaba vya nafaka, mpaka wauza nyama wakawa wanamwota usiku. Alichukia kitu kimoja tu duniani: mtu kusema kilo wakati si kilo.

Mnaona tunakoelekea.

Walikula vizuri. Walipofika kwenye chai, Ogutu akaanza habari ya nyoka.

"Mabehewa mawili?" Fanuel aliuliza. "Nani alimpima?"

"Hakukuwa na haja ya kumpima. Nilimwona!"

"Kwa hiyo hakupimwa."

"Mzee Fanuel, treni ilisimama ikangoja apite!"

"Ilingoja dakika ngapi?"

Awiti alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Ogutu alidhani ni kuku. Akaendelea.

"Sawa," alisema Ogutu, jasho likimtoka. "Achana na nyoka. Leo jioni nitakuonyesha kitu upime mwenyewe kwa jicho lako. Miezi minne ya Mshtarii."

"Minne?"

"Minne! Ikikosekana, usiniamini tena kwa neno lolote."

"Nimesikia," alisema Fanuel. Aliweka kikombe chini taratibu.

Saa moja jioni nyota zilitoka. Awiti alifungua jiko-kapu, akaitoa darubini, akampa mumewe. Ogutu akaifunga haraka kwenye miguu yake mitatu, akaielekeza juu, akachungulia. Akapangusa jicho. Akachungulia tena.

"Nipishe," alisema Fanuel, akainama. Wote wakangoja.

"Naona ugali," alisema hatimaye.

"Ugali?"

"Ugali kwenye sufuria. Unachemka. Miezi sioni hata mmoja."

Elsie naye akatazama. "Mimi naona yai la kukaanga," alisema, "lakini linatetemeka kidogo."

Awiti akaweka jicho lake. Ni kweli. Kulikuwa na kitu cha manjano kinacheza-cheza, kinavimba upande huu na kunywea upande ule. Mistari hakuna. Miezi hakuna. Alisikia uso ukimwaka kwa aibu.

Fanuel akavaa kofia. "Tunashukuru kwa chakula, kilikuwa kizuri. Kuhusu Jumamosi, wazee wetu wangoje kwanza. Sisi hatuna haraka." Akaaga kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Gari lilipoondoka Emily alikaa kwenye ngazi akalia waziwazi. "Baba, kwa nini? Kwa nini hukuweza kula tu ukanyamaza?"

"Niliiona, Emily. Haki ya Mungu, niliiona minne."

"Kama ulivyomwona nyoka," alisema Awiti.

Ogutu alimtazama mkewe. Aliingia ndani akalala bila kusikiliza taarifa ya habari, na hilo halikuwahi kutokea katika nyumba ile. Awiti alijua ameumiza mtu. Lakini alikuwa na hasira, na hasira yake aliiona ina haki.

Asubuhi alimkuta Ogutu mezani, ameipakata darubini, bisibisi mkononi.

"Nimepata kosa," alinong'ona. "Tazama hapa mbele, katikati ya kioo. Kuna doa."

Kweli, katikati ya kile kioo cha mbele kulikuwa na duara dogo linalong'aa kama sarafu. Awiti hakupenda madoa katika maisha yake. Alilowesha kitambaa, akasugua kidogo. Doa halikutoka.

"Liko kwa ndani," alisema Ogutu. "Lazima nifungue, nikwangue na kisu."

"Baba, weka hiyo bisibisi chini!" Emily alikuwa mlangoni, ameshavaa kwenda kazini. "Umeshaharibu harusi, sasa unataka kuharibu na darubini?"

Ogutu akaiweka chini. Alionekana mzee ghafla. "Basi kama si doa, ni macho yangu. Labda kweli sikuona kitu. Labda ninazeeka, naona vitu ambavyo havipo."

Awiti alisikia kitu kikimchoma moyoni. Kugombana na mume muongo ni jambo moja. Kuwa na mume anayejiogopa mwenyewe ni jambo lingine. "Vaa viatu," alimwambia. "Tunakwenda Voi."

Karibu na duka la Emily kulikuwa na mpimaji wa macho, mama mmoja Mkamba aliyeitwa Kavinya. Alimkalisha Ogutu, akamsomesha herufi kubwa, za kati na ndogo. Ogutu alizisoma zote, hata jina la kiwanda lililoandikwa chini kabisa.

"Mzee, macho yako ni mazuri kuliko yangu," alisema Kavinya. "Umeletwa na nini?"

Ogutu akaeleza: miezi minne, ugali, doa la fedha, kisu.

Kavinya aliruka kitini. "Kisu? Usiguse hilo doa! Mimi ninayo darubini ya aina hiyo nyumbani. Hilo si doa, hicho ni kioo chenyewe! Kesho nikifunga kazi nitapita kwenu. Hadi nifike, hakuna mtu kusugua chochote."

Awiti alitazama ukutani, kana kwamba kusugua ni jambo ambalo hajawahi kulisikia.

Kesho yake Kavinya alifika jua likiwa limezama. Alipewa kiti uani, akapewa chai, lakini kwanza aliomba kijiti akachora mchangani.

"Darubini ina kazi mbili," alianza. "Kazi ya kwanza ni kukusanya mwanga mwingi, zaidi ya ule unaoingia kwenye jicho lako. Kazi ya pili ni kuukuza ule mfano wa kitu ili ukione kikubwa. Ili mfano uwe mkubwa, mara nyingi mwanga unahitaji safari ndefu ndani ya bomba. Zamani walitengeneza bomba refu. Hii yenu imeikunja safari."

"Imeikunja vipi?" aliuliza Awiti.

"Mwanga unaingia kwa kioo hiki cha mbele, kinene, kilichobinuka. Hiki ni lenzi. Unakwenda mpaka nyuma. Huko kuna kioo kikubwa kama cha kujitazamia, lakini kimebonyea kidogo kama bakuli. Hicho kinaukusanya mwanga na kuurudisha mbele. Mbele unakutana na lile doa lenu la fedha. Doa ni kioo kidogo. Linaurudisha tena nyuma, na safari hii unapita kwenye tundu katikati ya kile kioo kikubwa, moja kwa moja hadi kwenye jicho lako. Kwenda, kurudi, kwenda. Safari tatu katika bomba moja fupi."

Ogutu alisimama. "Ngoja! Hiyo ni kama kupanga mabehewa! Yadi ni fupi, treni ni ndefu. Unaisukuma mbele, unairudisha nyuma, unaisukuma tena mbele, mpaka inafika reli inayotakiwa. Kumbe darubini ni stesheni ya Voi!"

"Umeeleza kunishinda," alisema Kavinya, na Ogutu akakaa akiwa mrefu kidogo kuliko alivyosimama.

"Na lenzi ya mbele ni ya nini, kama vioo vinafanya kazi yote?" aliuliza Emily.

"Swali zuri. Kile kioo cha nyuma kimechongwa kwa umbo rahisi la duara. Peke yake kingetoa picha yenye ukungu kidogo. Sasa lenzi ya mbele inaupinda mwanga kiasi tu cha kusahihisha ule ukungu. Ni kazi yangu ya kila siku hiyo. Ile lenzi ni miwani. Darubini yenu imevaa miwani."

"Lakini daktari," alisema Awiti, "hilo doa liko katikati kabisa. Linaziba. Kwa nini sayari isitoke na tundu katikati kama mandazi ya mjini?"

Kavinya alicheka. "Mama, mvua ikinyesha, maji ya tangi lako yanatoka wapi?"

"Kwenye paa."

"Ukiweka sinia juu ya paa, je, tangi litakuwa na tundu?"

"Maji yatapungua kidogo tu."

"Basi ni hivyo. Kila sehemu ya kioo inapokea mwanga wa sayari nzima. Doa linapunguza mwanga kidogo. Picha inabaki nzima."

Awiti aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa, na kuelewa kulimfurahisha kuliko alivyotarajia.

"Haya," alisema Kavinya, "sasa ileteni tuone kwa nini inapika ugali."

Awiti akaingia chumbani, akarudi amekumbatia jiko-kapu. Akaliweka chini, akafunua kifuniko kwa fahari. "Hapa hakuna vumbi, hakuna mjusi. Nimeitunza kama yai."

Kavinya aliingiza mkono, akagusa darubini. Akautoa mkono haraka. Akamtazama Awiti, akatazama kikapu, akamtazama Ogutu. Kisha alishika tumbo akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Mama Omolo! Umeipika!"

"Nimeipika nini? Hakuna moto hapa!"

"Chumbani kwako mchana kuna joto gani?"

"La kufa mtu," alisema Ogutu. "Mabati yanalia."

"Basi mchana kutwa joto linaingia polepole hadi kwenye darubini, na kikapu kinalihifadhi. Jioni hewa ya nje imepoa, lakini darubini bado ni ya moto kama mchana. Kikapu chako hakina kosa lolote. Kosa lake ni kufanya kazi vizuri mno!"

Awiti hakujua afurahi au akasirike. Akachagua yote mawili. "Na joto lina ubaya gani kwa kioo?"

"Umewahi kutazama kitu juu ya jiko lenye makaa? Ama barabara ya Taveta saa sita mchana?"

"Inacheza-cheza," alisema Emily. "Kama maji."

"Ni hewa ya moto inapanda juu na kuukoroga mwanga. Sasa darubini yenu imezibwa pande zote mbili, lenzi mbele, kioo nyuma. Vumbi haliingii, hilo ni jema. Lakini na joto nalo halitoki upesi. Tena mwanga unapita humo mara tatu, kwa hiyo unakorogwa mara tatu. Tazameni wenyewe."

Aliisimamisha uani, akaielekeza kwenye Mshtarii. Awiti akachungulia. Ugali ulikuwa palepale, unachemka.

"Sasa tuiache. Ipoe yenyewe. Tule."

Walikula wali na maharagwe, wakaongea, wakala tena. Kila baada ya muda Kavinya aliielekeza upya kwenye Mshtarii, na Awiti akaenda kuchungulia, kama mtu anayefunua sufuria. Mara ya kwanza ugali. Mara ya pili ugali uliotulia kidogo. Baada ya kama saa moja aliinama mara nyingine, na hakuinuka.

Duara lilikuwa limetulia. Mistari miwili ilionekana, myembamba, rangi ya majani makavu. Na kando, kwenye mstari mmoja, vinukta vinne.

Awiti alihesabu. Akahesabu tena kwa sauti. Kisha akageuka kumtafuta mumewe gizani.

"Baba Omolo," alisema, "ni minne. Uliiona kweli. Nisamehe."

"Na nyoka je?" Ogutu aliuliza upesi.

"Nyoka tutaongea siku nyingine."

Kabla hajaondoka, Kavinya aliwaachia maneno ya kushika. Darubini ikae ndani ya sanduku lake, mahali penye ubaridi, na itolewe nje kivulini saa moja kabla ya kutazama, kifuniko cha mbele kikiwa bado kimefungwa. Kioo kisisuguliwe. Umande ukianguka, uachwe ukauke wenyewe. "Na jambo kubwa kuliko yote," alisema, na hapo hakuwa akicheka. "Msiielekeze kamwe kwenye jua. Hata kidogo. Mwanga wa jua ukikusanywa na kioo hiki utakupofusha mara moja, na mimi sitakuwa na miwani ya kukupa."

Usiku huo huo Awiti alichukua simu akampigia Elsie. Alimweleza yote bila kuficha: mumewe alisema kweli, aliyepika sayari ni yeye.

Elsie alicheka mpaka akakohoa. "Dada, nilinunua jiko-kapu lako sokoni mwaka jana. Najua nguvu zake. Jumamosi tutakuja. Nitamleta huyu mzee hata kama ni kwa kumvuta shati."

Jumamosi walikuja, Fanuel na Elsie na Ben, na wazee wawili wa ukoo wao nyuma. Wazee walikuja kwa sababu Elsie aliwaambia kuna nyama. Fanuel alisalimia vizuri, lakini hakuvua kofia.

Darubini ilikuwa nje tangu jioni, kivulini, na Awiti alikuwa ameigusa mara nyingi kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa baridi. Lakini mawingu yalikuwa yakishuka kutoka milimani, na moyo wa Awiti ulikuwa ukishuka nayo. Emily alisimama kando ya Ben, akiuma ukucha. Ogutu alikuwa amemwahidi mkewe kwamba leo darubini ndiyo itakayoongea.

Wingu likapasuka. Ogutu akaelekeza, akarekebisha, akasogea kando.

Fanuel akainama. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akainuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa mizani yenye hila.

"Mmebandika picha ndani," alisema.

"Baba!" Ben alilalamika.

"Ngoja." Fanuel akaisukuma darubini kidogo, akachungulia: nyota kidogo na giza. Akairudisha: Mshtarii na miezi yake. Akavua kofia, akaziba nusu ya kioo cha mbele, akachungulia tena. "Bado iko nzima," alisema, akishangaa. "Imefifia, lakini nzima. Mbona haikukatika?"

Ogutu alimtazama mkewe. Awiti akakohoa. "Ni kama paa na tangi la maji, Baba Ben," alisema, na akamweleza yote, sinia na mvua na lile doa la fedha, bila kukwama hata mahali pamoja.

Fanuel akarudi kwenye darubini. "Inasogea," alisema. "Inatoka upande huu. Inakimbia!"

"Ni dunia inazunguka, mzee," alisema Emily. "Ni sisi tunaokimbia."

Fanuel aliisogeza darubini pole pole, akiifuata. Wazee wawili walianza kupanga foleni. Nyama ilipoa. Elsie alimgusa mumewe bega. "Baba Ben, wenzako wanangoja kuzungumza habari ya watoto."

"Waambie wazungumze hapa hapa. Nasikia kwa masikio, sisikii kwa macho."

Na kweli, habari ya watoto ilizungumzwa pale, Fanuel ameinama, akiitikia "sawa" na "hiyo ni haki" bila kuinua kichwa. Harusi ikapangwa Agosti, shule zikifungwa. Emily alimshika mamake mkono akaufinya hadi ukauma.

Mwishowe Fanuel akainuka. Macho yake yalikuwa na maji, na hakujaribu kuyaficha. Akamwendea Ogutu, akampa mkono.

"Mzee Ogutu," alisema, "nina lalamiko."

Emily akaukamata tena mkono wa mamake.

"Uliniambia kuna miezi minne. Hukuniambia ni mizuri namna hii. Mimi nilikuona mtu wa kutia chumvi. Kumbe ulinipimia pungufu."

Ogutu alifungua mdomo. Akaufunga. Alifungua tena, na kwa mara ya kwanza tangu Awiti amjue, hakupata la kuongeza.